Dari la Jiko Jipya

Nandagala, Jumatano, mwezi wa Agosti 1953

Asubuhi baridi, mchana vumbi, na mimi nimenuna tangu nilipotoka kuswali alfajiri. Upepo unavuma kutoka upande wa Nachingwea na kumwaga chini maua ya mikorosho. Maua hayo yangekuwa korosho. Hata upepo siku hizi hauna adabu.

Naandika kwa herufi za Kiarabu, zile za chuo alizonifundisha marehemu baba, maana ndizo ninazozijua. Watoto wa nyumba hii wanaokwenda shule hawawezi kuzisoma, na hilo linanifaa sana, kwa sababu leo nitawasema wote.

Nianze na dari.

Jiko langu la zamani liliangushwa na mchwa mwishoni mwa masika. Mkwe wangu Bakari, mume wa Hadija binti yangu, akanijengea jingine. Simpi asante kwa hilo. Kwetu mwanamume akioa anahamia kwa wakwe, na jiko la mama mkwe ni kazi yake. Alikuja hapa kutoka Matambarale na jembe moja na miguu mirefu, akapewa mke na shamba. Kuta kazijenga vizuri, siwezi kusema uongo. Paa nalo halivuji, ingawa mvua yenyewe haijaja kulijaribu. Lakini lile dari la fito juu ya moto, ninapoweka mbegu za mahindi zipigwe na moshi zisiliwe na wadudu, kaliweka juu kama anayemjengea twiga.

Silifikii.

Mimi, ambaye wenzangu walikuwa wakiniita kuwatolea vitu vya juu. Mimi, ambaye marehemu mume wangu alipotaka kuniposa watu walimwambia atafute kwanza ngazi. Mwezi mzima sasa napindua kinu, nakipanda kama mtoto mwizi wa sukari, ndipo nipate gunzi moja la mbegu. Na mtu aliyevunjika mkono hapaswi kupanda vinu. Hilo nalijua bila kuambiwa na Hadija, lakini Hadija ananiambia kila siku.

Dari la jiko halijengwi kwa kukisia. Siku nilipoolewa, mjomba wangu alinisimamisha ukutani, nikanyosha mkono juu, akakata fimbo ya mpingo kutoka ardhini mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu. Dari likikaa urefu wa fimbo hiyo, mwenye jiko anaingiza kiganja chote juu na kuchukua anachotaka bila kujinyonganyonga. Kila mwanamke wa ukoo wetu ana fimbo yake. Majiko yangu yote yamejengwa kwa fimbo ile moja. Mchwa wanakula jiko, mpingo hawauwezi.

Kwa hiyo nilijua tu kwamba Bakari ameitupa fimbo yangu akapima kwa mkono wake mwenyewe.

Nikamsema. Si uso kwa uso, maana nimelelewa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Yeye akiniona njiani anatoka njiani, anachutama kando na kutazama majani mpaka nipite. Basi nikamsema kwa kuku. Nina kuku mmoja mweupe ambaye amebeba maneno mengi katika boma hili. Bakari akiwa nyuma ya ukuta anachonga mipini, mimi nasimama uwanjani na kumwambia kuku kwamba wako watu wanapewa fimbo ya wenyewe, wanaitupa, wanapima dunia nzima kwa mikono yao mirefu ya Matambarale. Kesho yake namwambia kuku jambo lingine. Mwezi mzima nimemwambia kuku.

Bakari hakujibu hata mara moja. Wala hakumtuma Hadija kunijibia. Nikasema moyoni, kimya cha namna hiyo ni cha mtu mwenye kosa.

Sasa niandike habari ya mkono, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Wakati wa masika niliteleza mlangoni. Sikuanguka kutoka juu ya mti, sikugongwa na lori. Nilikuwa nimesimama, nikajikuta nimekaa, na mkono niliojizuia nao ukalia kama kijiti cha kuwashia moto. Mzee anayeunga mifupa akanifunga kwa vipande vya mwanzi, ukapona, ila umepona umepinda. Tangu siku ile Hadija ananitazama kama anavyotazama chungu kilichokaa vibaya kwenye mafiga. Nikiinama anakuja. Nikinyanyua ndoo anakuja. Hata nikipiga chafya anakuja.

Jumatatu akanipakia kwenye lori la wafanyabiashara wa ufuta mpaka Nachingwea, hospitali. Nilikaa mbele kwa dereva kwa sababu niliwaambia watu wote waliokuwa pale kwamba nitakaa mbele.

Nilidhani daktari ataangalia mkono. Aliutazama kidogo tu, akaugeuza, akauacha. Kisha akaanza kuuliza habari za mama yangu. Alikuwa Mzungu, na mkalimani wake ni mtu mzima wa Lindi mwenye miwani na sauti ya taratibu. Mama yako aliwahi kuvunjika mfupa? Nikasema alivunjika nyonga. Alianguka wapi? Hakuanguka popote, alikuwa anainuka kwenye mkeka. Akaniuliza mgongo wake ulikuwaje. Nikasema uzeeni ulipinda kama mundu, akawa anasalimia watu huku anatazama miguu yao. Hakusimama tena baada ya nyonga ile. Tulimzika kabla ya mavuno.

Sikuwa nimelisema jambo hilo kwa sauti miaka mingi, na sikupenda kulisemea mbele ya miwani ya mtu nisiyemjua.

Akauliza na lini niliacha kuona siku zangu. Hilo Hadija ndiye aliyelijibu, huku anatazama ukuta. Mimi nilitazama viatu vya daktari.

Kisha akauliza kama zamani nilikuwa mrefu. Nikamjibu kwamba mimi ni mrefu. Mkalimani akasema, mama, anataka kujua kama zamani ulikuwa mrefu kuliko sasa. Nikamwambia amweleze daktari kwamba mtu si kipande cha sabuni.

Mkalimani alicheka kabla ya kutafsiri. Daktari alicheka baadaye, kidogo, halafu wakanisimamisha kwenye ubao wenye mistari na kuandika urefu wangu. Daktari akatikisa kichwa. Ubao, akasema, unamwonyesha jinsi nilivyo leo, haumwonyeshi jinsi nilivyokuwa. Kama sijapungua, huenda mkono ulivunjika kwa bahati mbaya tu na mambo yakaishia hapo. Kama nimepungua, basi mifupa ya mgongo imeanza kubonyezana, na mtu ambaye ameshavunjika mkono kwa kuteleza tu, ambaye mama yake alivunjika nyonga, huyo nyonga yake inangoja siku. Mpaka ijulikane, nisibebe mzigo wowote mgongoni.

Mkalimani, kwa wema wake, akaona hatujaelewa vizuri, akatueleza kwa mfano. Akasema mifupa ya wanawake wengine, uzazi ukishakoma, inakuwa kama makopa yaliyoingiliwa na wadudu. Kwa nje muhogo ni mweupe, mzima, mzuri. Ukiubonyeza unakuwa unga mkononi.

Mimi, makopa.

Njia nzima ya kurudi sikusema na Hadija. Na yeye, katika yote aliyosikia, alishika moja tu, mzigo mgongoni. Kwa sababu Jumamosi Zainabu anatoka.

Zainabu ni mtoto wake wa mwisho. Amekuwa mwali ndani kipindi chote hiki, na Jumamosi anatolewa mbele ya watu. Katika ukoo wetu mwali hatoki kwa miguu yake. Bibi yake mzaa mama humbeba mgongoni, toka mlangoni mpaka kwenye jamvi katikati ya uwanja, na hambebi kimya kimya, anacheza naye. Hivyo ndivyo nilivyotolewa na bibi yangu. Hivyo ndivyo nilivyomtoa dada yake Zainabu, nikacheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji kabla yangu. Baada ya Zainabu hakuna mwingine. Huyu ndiye mjukuu wangu wa mwisho kumbeba, na nimemngoja tangu alipokuwa hajui kutembea.

Hadija hata hakuniuliza. Tulipofika tu akaenda kwa mdogo wangu Mwanahawa, nyumba ya pili baada ya mikorosho, akamwambia yeye ndiye atakayembeba. Mwanahawa naye ni bibi wa mtoto, na kwa mila inafaa. Jana jioni nimemwona amejifunga kibwebwe anajaribu kuchezesha mabega nyuma ya nyumba yake. Anafikiri simwoni. Urefu wangu unaodaiwa kupungua bado unatosha kuona juu ya ua wake.

Leo asubuhi nikasema basi, mambo haya yaishe. Daktari anataka kujua nilivyokuwa. Kwani mimi sina fimbo? Nitaitafuta Bakari alikoitupa. Nikiipata nitaweka mkono wangu juu yake mbele ya shahidi, kifundo kitafika penye ncha, nao waone wenyewe nani makopa. Jumamosi nitabeba mjukuu wangu, na Bakari atabomoa dari lake huku kuku akimsomea makosa.

Nikamwita Mwanahawa awe shahidi. Nilimtaka yeye hasa, ili afungue kibwebwe mwenyewe.

Fimbo haikuwa imetupwa. Ilikuwa juu ya ukuta wa jiko jipya, chini ya paa, imepakwa mafuta. Nikaishusha kwa mchi. Ina pete ambazo mjomba alizichoma kwa chuma cha moto, na moja imekwenda upande kwa sababu alikuwa anacheka siku ile. Ninaijua pete hiyo kama ninavyojua kovu la mwanangu. Nikatazama ncha zote mbili. Hazikukatwa. Nikaisimamisha chini ya dari.

Ikakaa sawa kabisa. Hata unywele usingepita.

Mwanahawa akanitazama. Nikamwambia aache kunitazama, ashike fimbo. Nikaweka visigino ukutani, nikanyosha mkono mzima, ule usiovunjika, nikavuta pumzi kama anayepiga mbizi.

Mdogo wangu akatazama ncha ya fimbo, akatazama mkono wangu.

Nikamwambia ameisimamisha fimbo juu ya kokoto. Akaondoa mguu wake nione. Sakafu ya Bakari haina kokoto, kaisiliba mwenyewe. Nikajinyosha tena mpaka mgongo ukaniuma hapa katikati, mahali panaponiuma kila asubuhi na sijamwambia mtu.

"Dada," akasema, "usininyanyulie visigino."

Nikavishusha. Kifundo cha mkono wangu kilikuwa chini ya ncha ya fimbo kwa kiganja kizima.

"Na kipande hiki kingine," akauliza, "umekiacha wapi?"

Siku nyingine ningemcharaza kwa fimbo hiyo hiyo na tungecheka wote. Leo nilikaa juu ya kinu.

Dari liko pale pale linapojengwa siku zote; lile la jiko la zamani mchwa walikuwa wakilishusha kidogo kidogo pamoja nami, nisijue.

Nikafikiri habari ya Bakari. Siku alipomaliza jiko aliniona kutoka mbali nikinyosha mkono na kukosa. Fimbo alikuwa nayo, alijua amepima sawa. Alijua kabla ya daktari. Lakini angesema kwa kinywa gani? Amwambie mama mkwe wake kwamba amepungua? Amtume mke wake alete maneno hayo? Alichutama nyuma ya ukuta, akachonga mipini, akaacha nimtukane kwa kuku mwezi mzima, na usiku, nadhani, akaipaka fimbo yangu mafuta.

Nilidhani ni hatia. Ilikuwa adabu.

Na niandike ukweli, hilo limeniudhi zaidi. Angekuwa ameiba fimbo ningejua la kufanya naye.

Mwanahawa, ambaye huruma yake haidumu kuliko moshi wa majani makavu, akaanza kukaza kibwebwe. Akasema basi Jumamosi ni yeye. Ndipo nikamtazama vizuri, jinsi nilivyokuwa sijamtazama miaka. Shingo imekwenda mbele. Hapo chini ya shingo pameanza kuinuka. Mwaka jana alilala siku kadhaa kwa mgongo baada ya kunyanyua debe la maji, tukasema ni baridi.

Nikamuuliza fimbo yake iko wapi. Akasema alikwishaipikia kunde, mvua zile kuni zilipolowa.

Alipikia kunde. Mtu na akili zake.

Nikamwambia hambebi mtoto. Akasema wivu. Nikasema sawa, wivu, lakini yeye na mimi tumetoka tumbo la nani? Nyonga iliyovunjika kwenye mkeka ilikuwa ya mama wa nani? Kama mimi ni makopa, yeye katoka shamba lipi? Akasema yeye hajavunjika kitu. Nikamwambia na mimi mpaka masika haya sikuwa nimevunjika kitu, nilikuwa najisifu kama yeye. Tukapigiana kelele mpaka Hadija akaja mbio kutoka kisimani akidhani nimeanguka.

Alipotukuta wazima akakasirika. Akauliza, sasa mnataka mtoto abebwe na nani?

Mimi jibu nilikuwa nalo, limekaa ulimini kama kwinini.

Mama yake Bakari. Bi Asumini wa Matambarale. Ana miaka mingi kuliko mimi, na anatembea amenyooka kama mchi. Mama yake mzazi bado yu hai na bado anakwenda kuokota kuni. Mwaka jana Bi Asumini mwenyewe aliteremka vibaya kwenye lori, akaanguka chini mzima mzima mbele ya soko, akainuka, akajipangusa, akauliza kapu lake liko wapi. Nilikuwepo. Nilimwonea haya kwa jinsi alivyoanguka, sikufikiri habari ya jinsi alivyoinuka. Mwanamke huyo hajavunja kitu maishani mwake isipokuwa masikio yetu kwa kujisifu.

Lakini ni mzaa baba. Mwali ni wa tumbo letu, si wa kwao. Mtu wa Matambarale ambebe mtoto wetu uwanjani kwetu, mbele ya wanawake wote wa Nandagala, na mimi niko hai nimesimama pembeni kama mgeni aliyekuja kula wali. Atalisimulia jambo hilo mpaka afe. Na kwa mgongo ule, atachelewa kufa.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko peke yangu. Nilitaka kuwaza ninavyobeba, nikawaza ninavyoanguka. Zainabu yuko mgongoni mwangu, amepakwa mafuta, amevaa shanga zangu, ngoma inalia, halafu kinalia kitu kingine ndani yangu kama kile kijiti, na tuko chini wote wawili katikati ya uwanja. Ngoma inanyamaza. Tangu siku hiyo popote atakapokwenda Zainabu, akiolewa, akizaa, watu watanong'ona, ndiye yule mwali aliyemvunja bibi yake. Mtoto mwenyewe atasadiki. Mimi mama yangu alijivunjia kwenye mkeka wake, hakumwachia mtu deni la lawama. Nami sitamwachia huyu.

Nimelia kidogo. Kidogo tu, na vumbi lilikuwepo.

Baada ya kuswali alasiri nikatoka uwanjani. Bakari alikuwa mahali pake nyuma ya ukuta, nasikia tezo lake likila mti. Kuku mweupe alikuwa anachakura karibu na kinu. Nikamkoholea kuku.

"Kuku," nikasema, "mwambie yule mwenye mama Matambarale kwamba kesho akamlete. Jumamosi yeye ndiye atakayembeba mwali wetu. Na aje na mgongo wake, mdomo auache nyumbani."

Tezo likanyamaza. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta, ya chini, sauti ambayo miaka yote hii nimeisikia ikisema na wengine tu.

"Kuku, mwambie mama nimesikia. Nikirudi nitashusha dari."

Kuku alikuwa anakula mchwa, hakumwambia mtu kitu. Nikaingia ndani haraka, maana uso wangu haukuwa wa kutazamwa hata na kuku.

Basi ndivyo ilivyo. Jumamosi Bi Asumini atabeba, na mimi nitatembea nyuma yake mkono wangu ukiwa juu ya mgongo wa Zainabu, toka mlangoni mpaka jamvini, ili kila mwenye macho ajue mtoto ni wa nani. Nikimwona anapepesuka nitamkemea. Mwanahawa ameniambia nina roho mbaya. Nimemwambia afungue kibwebwe, apeleke mgongo wake Nachingwea na huko wakimuuliza habari za mama asidanganye.

Jioni hii Hadija amekata fimbo mpya kwa mkono wangu wa sasa, Bakari ashushie dari. Ni fupi. Nimeitazama, sikuipenda. Ile ya mjomba nimemkataza asiikate wala asiiguse. Itakaa ukutani pale ilipo, kwa ajili ya yule daktari akitaka kujua nilivyokuwa.

Wakati anakata nilimtazama alivyoinama. Hadija amevuka arobaini, na miezi yake, nimemsikia akimlalamikia Mwanahawa, imeanza kumkosea hesabu. Jiko lake mwenyewe lina dari, na fimbo aliyokatiwa siku ya harusi yake bado iko. Nimemwambia kesho asubuhi, kabla hajawasha moto, nitakwenda kumsimamisha ukutani.

Akasema, mama, baada ya sherehe. Nikasema kesho. Akasema ana kazi nyingi. Nikasema kesho. Akanitazama, na nikaona kwamba ameshajipima peke yake, au ameogopa kujipima, mojawapo.

Sijui nitafanya nini kifundo chake kisipofika. Nitamkemea nani? Kuku?

Lakini nitaishika fimbo mwenyewe, na nitatazama visigino vyake.